Denis Burkitt, Tabibu wa Jicho Moja

Mimi mtu wa pwani, niliyezoea jasho na chumvi, baridi ya Marani hunitetemesha. Lakini nyanda za juu kama hizi za Gusii zimewapunguzia watoto wake maradhi mamoja mabaya mno, ambayo huwapata zaidi wale wa bondeni, upande wa Ziwa. Aliyeligundua jambo hilo ni marehemu Dakta Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari, 1911. Babake alikuwa mhandisi, na mpenzi mkubwa wa ndege. Akiwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya makao ya kila mmoja. Msomaji aiweke akilini ramani hiyo. Denis alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia. Akasomea upasuaji kwa hilo lililobaki. Wakoloni walimkataa kazi Afrika Magharibi kwa sababu ya jicho, lakini vita vikuu vikamleta Kenya akiwa tabibu wa jeshi, na mwaka 1946 akapewa kazi Lira, Uganda. Kisha Mulago, Kampala.

Hapo Mulago, mwaka 1957, Dakta Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Akampima, akakuta tumboni nako mna uvimbe. Ilikuwa saratani, na uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Oktoba 1961 alitoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa pauni 250. Walikwenda maili 10,000 kwa wiki kumi, wakapitia hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha za watoto na kuuliza kama wamepata kuonekana wenye hali hiyo. Jawabu zikachorwa ramanini: karibu na ikweta, juu ya futi 5,000 ugonjwa ulikuwa nadra, kusini uliambaa na pwani hadi Msumbiji. Kumbe si kimo chenyewe, bali joto na mvua, yaani mahali apendapo mbu. Malaria ya kila siku ikashukiwa, na mpaka leo imo katika kesi hiyo.

Machi ya mwaka huo huo alikuwa amezungumza London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwako Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi kipya.

Chimbuko la chembe yenyewe lilikuja kujulikana baadaye. Ni chembe ya damu itengenezayo kingamwili. Ndani ya tezi hujibadilisha jeni zake za kingamwili makusudi, ipate kumshika adui vizuri zaidi. Sisi tuliosoma chuoni tunaujua ubao: huoshwa ukaandikwa tena, na alama za wino wa jana zisitoke zote. Kwa alama za namna hiyo wataalamu walitambua saratani hii imetoka wapi. Mwaka 1982 ikaonekana pia kwamba jeni iitwayo myc, yenye kuamrisha chembe ikue, imehama mahali pake ikaketi ubavuni mwa jeni za kingamwili, zisizopumzika.

Burkitt hakungoja hayo. Alijaribu dawa mapema miaka ya 1960, na watoto waliokwisha kukatiwa tamaa, baadhi yao kwa dozi chache tu, nyuso zikanywea wakarudi kwao wazima.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alishughulikia vyakula vyenye nyuzinyuzi, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu ya madhara ya vyakula vilivyokobolewa, pamoja na Trowell yule yule wa Mulago. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993.