Elijah McCoy: Mwana wa watoro wa utumwa aliyezipa injini oili zikiwa mwendoni

KATIKA karne ya 19, gari moshi lilikuwa likisafiri kwa muda kisha linasimama, si kwa ajili ya abiria, bali ili kibarua ashuke na mkebe mkononi, azunguke akitia oili kwenye vyuma vilivyokuwa vikisagana. Kazi hiyo ilipopuuzwa, vyuma vilipata moto, vikakwama au vikavunjika.

Miongoni mwa watu waliolitafutia tatizo hilo suluhisho alikuwa Elijah McCoy, mhandisi mweusi ambaye wazazi wake walitoroka utumwa nchini Marekani. Alitumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake kutafakari swali ambalo hadi leo humkabili kila mwenye gari anayebadilisha oili nyumbani kwake: ni oili ipi inayofaa, kwa kiasi gani, na itafikaje mahali panapostahili bila kukatizwa?

Azaliwa ng'ambo ya mpaka

Wazazi wake, George na Mildred McCoy, walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky. Walitoroka mnamo 1837 kwa kusaidiwa na mtandao wa siri wa watu waliowahifadhi watoro na kuwavusha hadi Canada, iliyokuwa chini ya Uingereza na ambako utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku.

Elijah alizaliwa mwaka wa 1844 huko Colchester, Ontario, katika familia ya watoto 12. Baadaye jamaa hiyo ilirudi Marekani na kufanya makao Ypsilanti, mji mdogo wa jimbo la Michigan.

Tangu utotoni, kijana huyo alipenda kufungua mitambo na kuiunga upya. Wazazi wake, licha ya kutokuwa na mali, waliamua kwamba kipawa hicho kisipotee. Alipofikisha umri wa miaka 15, walimpeleka Edinburgh, Scotland, akafunzwe uhandisi wa mitambo. Wakati huo, shule na karakana nyingi za Marekani zilikuwa zimewafungia milango watu wa rangi yake.

Mhandisi akabidhiwa koleo

McCoy alirejea Michigan akiwa mhandisi kamili. Hata hivyo, ujuzi wake haukuweza kushinda ubaguzi. Kampuni ya reli ya Michigan Central haikumpa kazi aliyosomea. Badala yake, aliajiriwa kuchochea moto wa injini na kutia oili kwenye mitambo.

Ilikuwa kazi ya sulubu. Mchochezi alisimama mbele ya tanuri akilisha moto safari nzima, na gari liliposimama alichukua mkebe na kuanza kuzunguka magurudumu, ekseli na vyuma vya kusukumia.

Lakini udhalilishaji huo ulimweka mahali ambapo wahandisi wengi wa ofisini hawakufika. McCoy aliona kwa macho yake jinsi chuma kinavyoumia kinapokosa oili, hata kwa dakika chache. Aliona pia kwamba kumwaga oili nyingi kwa pupa hakukusaidia, kwa kuwa nyingine ilipotea bure na nyingine ikaungua. Kilichohitajika ni kiasi kidogo, kwa wakati ufaao, tena mfululizo.

Sehemu iliyokuwa ngumu zaidi kuhudumia ni ndani ya silinda, ambamo pistoni husukumwa na mvuke. Humo mna joto kali na shinikizo kubwa, na mvuke wenyewe huosha oili kutoka kwenye kuta za chuma.

Kikombe juu ya silinda

Mnamo Julai 1872, McCoy alipata hataza yake ya kwanza, yaani cheti cha serikali cha kulinda uvumbuzi. Ilihusu kifaa cha kutia oili kwenye injini za mvuke bila mtu kuigusa.

Kifaa hicho kilikuwa kikombe kilichojazwa oili na kufungwa juu ya silinda. Ndani yake mlipita ufito wenye vali upande wa juu na pistoni ndogo upande wa chini. Mvuke ulipoingia kwenye silinda, uliisukuma pistoni hiyo, vali ikainuka, na oili ikashuka kwenye silinda. Kwa maneno mengine, nguvu ile ile iliyoendesha injini ndiyo iliyoifungulia oili.

McCoy hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Nchini Uingereza, John Ramsbottom alikuwa amebuni kifaa chake cha kulainisha silinda mnamo 1860, na hataza ya McCoy yenyewe ilitaja kwamba ni uboreshaji. Sifa yake ni kuwa hakutosheka na kifaa kimoja. Mwaka baada ya mwaka alikirekebisha, akakifanya kiaminike zaidi, na kukirekebisha tena kila injini zilipobadilika.

Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na hataza zipatazo 57. Nyingi zilihusu ulainishaji, ingawa alibuni pia meza ya kupigia pasi mnamo 1874 na kifaa cha kunyunyizia nyasi maji mnamo 1899.

Hata hivyo, hataza hazikumletea utajiri. Kuunda vifaa hivyo kwa wingi kulihitaji mtaji ambao hakuwa nao, na mara nyingi alilazimika kuwauzia au kuwakabidhi wawekezaji haki zake. Vifaa viliuzwa na kutumika, lakini wengi walionufaika navyo hawakujua vilibuniwa na nani.

Jina lahusishwa na msemo

Kuna msemo wa Kiingereza unaotumia jina la McCoy kumaanisha kitu halisi, kisicho bandia. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba ulianza wakati wanunuzi wa mitambo, kwa kuchoshwa na vifaa vya kuigiza, walipokuwa wakiuliza iwapo walichouziwa ni cha McCoy mwenyewe.

Simulizi hiyo inavutia, lakini ushahidi wake si imara. Msemo unaofanana nao, wenye jina la ukoo wa Mackay, ulikuwa umechapishwa Scotland mnamo 1856, wakati Elijah akiwa bado mtoto. Hata kama msemo haukutokana naye, kuhusishwa kwake nao kunaonyesha heshima ambayo kazi yake ilipata.

Kutoka mvuke hadi petroli

Mnamo 1882, McCoy alihamia Detroit pamoja na mkewe wa pili, Mary Eleanora Delaney, ambaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa makao ya kuwatunza wanawake wazee weusi jijini humo. Mkewe wa kwanza, Ann Elizabeth Stewart, alikuwa amefariki miaka minne tu baada ya ndoa yao ya 1868.

Ni katika jiji hilo hilo ambapo gari la petroli lilikuja kugeuka bidhaa ya watu wengi. Henry Ford alianza kuuza gari la Model T mnamo 1908. Injini yake haikuwa na pampu ya oili wala filta. Vyuma vilivyozunguka vilirusha oili, nayo ikaruka na kuangukia sehemu nyingine.

Mnamo 1911, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliweka utaratibu wa kupanga oili kwa namba kulingana na uzito wake. Namba hizo, zikiwa zimeboreshwa mara nyingi, ndizo zinazosomwa kwenye kila mkebe hadi sasa. Mnamo 1923, Ernest Sweetland alijitokeza na filta ya oili ya magari, kwa sababu oili inayozunguka ndani ya injini hukusanya masizi na chembe za chuma ambazo huikwaruza injini yenyewe.

McCoy naye hakukaa kitako. Injini mpya za reli zilitumia mvuke wenye joto kali kupita awali, na oili peke yake ilishindwa kustahimili. Suluhisho lilikuwa kuchanganya oili na unga wa grafiti, ile dutu nyeusi iliyo ndani ya penseli. Tatizo ni kwamba unga huo uliziba njia. Mnamo 1915, akiwa na umri wa miaka 70, alipata hataza ya kifaa kilichopitisha mchanganyiko huo bila kuziba. Yeye mwenyewe alikihesabu kuwa bora kuliko vyote alivyobuni. Mnamo 1920 hatimaye aliasisi kampuni yenye jina lake ili kuunda vifaa hivyo.

Uamuzi wa mwenye gari

Injini za mvuke zilizopanda kutoka Mombasa hadi Kisumu tangu 1901 nazo zilihitaji oili kwenye silinda zao, na baadhi ya injini za mvuke zilizotumika nchini zimehifadhiwa katika Makavazi ya Reli, Nairobi. Leo mzigo wa kuchagua oili umemwangukia mwenye gari, hasa anayeamua kuibadilisha mwenyewe uani.

Kanuni bado ni zile ambazo McCoy alijifunza akiwa na mkebe mkononi. Kwanza ni oili inayofaa. Katika oili yenye alama 5W-30, namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, nayo ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, oili huwahi kufika juu ya injini asubuhi yenye baridi kama ya Limuru.

Wengi huamini kwamba oili nzito ni kinga bora katika joto la Mombasa. Sivyo kila mara. Injini nyingi za kisasa zina nafasi finyu sana kati ya vyuma, na oili nzito kupita kiasi huchelewa kupenya humo. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa, si mazoea ya gereji. Aidha, kwenye alama ya API, herufi S huashiria oili ya injini za petroli na C ile ya dizeli.

Pili ni kiasi. Oili pungufu huacha vyuma vikavu, nayo ikizidi hupigwapigwa na vyuma vinavyozunguka hadi ikatoa povu, na povu halilainishi. Kijiti cha kupimia kina alama mbili, na oili inapaswa kuwa kati yake, gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare.

Tatu ni filta. Filta mbili za kopo zinaweza kufanana kwa rangi na ukubwa, zikatofautiana kabisa ndani. Katika filta nyingi za aina hiyo mna karatasi ya kuchujia, vali inayozuia oili isirudi chini injini inapozimwa, na vali ya dharura inayofunguka karatasi inapoziba. Vali ya kwanza ikiwa dhaifu, kila asubuhi injini huwaka ikiwa kavu kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo hali ile ile ambayo McCoy alipigana nayo. Ya pili ikiwa mbovu, oili chafu huzunguka bila kuchujwa, au oili ikakosa kupita kabisa.

Kwa hiyo anayenunua katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, au kwingineko, hana budi kuhakikisha namba ya filta inalingana na injini yake, kifuniko cha mkebe wa oili hakijafunguliwa, na bei haijashuka kiasi cha kutilisha shaka. Akopoe raba ya filta kuukuu isibaki imenata kwenye injini, apake oili kidogo kwenye raba mpya, na kukaza kwa mkono. Oili iliyomwagwa isitupwe mtaroni.

Siku za mwisho

Mnamo 1922, McCoy na Mary walipata ajali ya gari. Mary alipoteza maisha kutokana na majeraha yake, naye McCoy aliumia vibaya na afya yake haikurudi tena. Alitumia siku zake za mwisho katika hospitali ya Eloise, karibu na Detroit, na kufariki mnamo Oktoba 10, 1929, akiwa na umri wa miaka 85. Hakuacha mali nyingi.

Heshima zilimfikia akiwa kaburini. Mnamo 2001 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Wavumbuzi wa Marekani. Mnamo 2012, ofisi ya hataza ya nchi hiyo ilipofungua tawi lake la kwanza nje ya eneo la makao makuu, ilichagua Detroit na kulipa tawi hilo jina la Elijah J. McCoy.

Hivyo, mtu aliyenyimwa kiti cha mhandisi kwa sababu ya rangi yake jina lake lilikuja kupewa ofisi ambamo wavumbuzi wengine hupeleka kazi zao zilindwe, ulinzi ambao kwake mwenyewe haukutosha kumpa mtaji wala mali.