Askofu Smythies na Watenda Kazi wa Kesho

Katika jubilii hii, wasomaji wetu wa Bungu, na ndugu zetu wa Korogwe na Handeni, yatupasa kumkumbuka Askofu Charles Alan Smythies, kwa kuwa yeye aliwatafutia watoto wetu wachungaji kabla hawajazaliwa.

Alizaliwa mwaka 1844, akawa kasisi huko Roath, mjini Cardiff, na mwaka 1883 akawekwa wakfu kuwa Askofu. Alipofika Unguja mwaka 1884 alikuta dayosisi kubwa mno: Unguja, Bonde, Usambara, nchi ya Ruvuma, hata Ziwa Nyasa. Watenda kazi walikuwa wachache, na homa iliwapunguza daima. Mackenzie, Askofu wa kwanza wa misheni ile, alikufa kwa homa mwaka 1862, naye amekuwa Askofu yapata mwaka mmoja tu.

Basi Smythies akapima mambo. Wazungu hata wakizidi hawatatosha. Akifa mmoja, wa kumfuata yuko ng'ambo ya bahari, wala hajui lugha ya watu. Kwa hiyo kanisa lisilozaa makasisi wake litakuwa mgeni siku zote. Mtangulizi wake, Askofu Steere, alikwisha kumpa John Swedi ushemasi mwaka 1879. Smythies akaiendeleza njia hiyo. Vijana walifundishwa Kiungani, wakajaribiwa vijijini kwa kazi ya ualimu, na waliothibitika wakaongozwa kwenye daraja takatifu. Hakuwaharakisha, wala hakuwazuia kwa hofu. Cecil Majaliwa, aliyeokolewa utumwani, akapata ushemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata ukasisi. Akachunga Chitangali, katika nchi ya Ruvuma.

Tena Smythies aliona kwamba Askofu mmoja hawezi kuyalinda yote, akaomba mzigo ugawanywe. Mwaka 1892 Nyasa ikapata Askofu wake, Hornby.

Nafsi yake hakuihurumia. Safari ndefu za miguu zilimdhoofisha, akafa baharini mwezi wa Mei 1894, akazikwa humo humo, umri wake miaka 49. Lakini kazi haikuzama pamoja naye, maana wa kuipokea walikuwa tayari.

Enyi walimu, mti hupandwa kabla ya jua kali. Tusingoje mzee afe ndipo tumtafute wa kushika mahali pake. Kijana huyo labda yumo darasani mwenu leo.