Victor Goldschmidt: Mwanasayansi aliyepima chembe na kuzielewa siri za miamba

Katika eneo la Mukanda, Gitega, katikati ya Burundi, kuna mawe meusi mazito yanayovutwa na sumaku. Ndani yake chuma kimechanganyika na titani pamoja na vanadi. Upande wa kaskazini mashariki, Butihinda huko Muyinga, wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu. Kwa nini vanadi ijifiche ndani ya mawe ya chuma, na dhahabu ifuate njia yake nyingine? Jibu la swali hilo lilitafutwa maelfu ya kilomita kutoka Burundi, na Victor Moritz Goldschmidt, anayetajwa kuwa baba wa jiokemia ya kisasa.

Alizaliwa mjini Zürich, Uswisi, Januari 27, 1888, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1901 baba yake, aliyekuwa mkemia, alipata uprofesa nchini Norway, na familia ikahamia mji ambao leo unaitwa Oslo. Kijana huyo alipata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 23, na alipofikisha 26 akawa profesa.

Goldschmidt aliyagawa maumbile ya elementi kwa makundi. Zipo zinazoandamana na chuma kilichoyeyuka, kama nikeli na dhahabu. Zipo zinazopenda salfa, kama shaba. Na zipo zinazofungamana na oksijeni ndani ya miamba, kama titani na vanadi. Kisha akapima ukubwa wa chembe zenyewe na kuonesha kuwa zile zinazokaribiana kwa vipimo zinaweza kubadilishana nafasi katika fuwele. Ndivyo vanadi inavyoingia mahali pa chuma katika mawe kama yale ya Mukanda.

Mwaka 1926 aliielekeza kanuni hiyo kwenye jamii ya perovskaiti, iliyopewa jina la jiwe lililogunduliwa katika milima ya Ural mwaka 1839. Katika muundo huo, chembe ndogo ya metali huzungukwa na oksijeni sita, kama iliyofungiwa chumbani, na chembe kubwa hukaa katika nafasi iliyobaki kati ya vyumba hivyo. Goldschmidt alitunga hesabu fupi ya kulinganisha vipimo vyao. Jibu likikaribia 1, fuwele husimama wima kama mchemraba. Likipungua, vyumba vyake huinama.

Mwaka 1929 alikwenda kufundisha Göttingen, Ujerumani. Wanazi waliposhika madaraka, chuki dhidi ya Wayahudi ilimfikia chuoni, naye mwaka 1935 akajiuzulu na kurejea Oslo. Vita vikamfuata huko. Oktoba 1942 alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya Berg. Novemba 26 alikuwa gatini Oslo miongoni mwa Wayahudi waliokuwa wakipandishwa kwenye meli ya Donau, akaondolewa mstarini dakika za mwisho baada ya wenzake kudai kuwa taifa lilihitaji ujuzi wake. Meli hiyo iliondoka na watu zaidi ya 500, ambao mwisho wa safari yao ulikuwa Auschwitz. Waliosalia hai ni wachache mno.

Mwezi uliofuata alitorokea Sweden, kisha akavuka hadi Uingereza, ambako alifanya utafiti wa udongo huku afya yake ikiwa imeharibika. Alirudi Norway mwaka 1946 na kufariki dunia Machi 20, 1947, akiwa na umri wa miaka 59. Kitabu chake kikubwa cha jiokemia kilichapishwa mwaka 1954, baada ya kukamilishwa na wengine.

Hakuishi kuona hesabu yake ikiingia katika elimu ya sumaku. Mwaka 1950, Jonker na van Santen wa maabara ya Philips huko Eindhoven, Uholanzi, walichunguza perovskaiti ya lanthani na manganizi. Ikiwa peke yake, tabaka zake za jirani huelekeana kinyume na nguvu zao hufutana. Walipoweka kalsi au stronti mahali pa sehemu ya lanthani, ikageuka sumaku. Baadaye ilibainika kuwa nusu ya manganizi ikibadilishwa kwa nikeli, chembe za metali hizo mbili huelekea upande mmoja, na mchanganyiko huo hubaki sumaku hadi karibu na joto la kawaida la chumba.

Siri iko katika oksijeni iliyo kati ya metali mbili, kwa kuwa ndiyo inayopitisha mawasiliano yao. Vyumba vikiinama, pembe ya njia hiyo hupinda, na nguvu ya sumaku hubadilika. Nikeli hiyo ni metali ileile iliyolala kwa wingi ardhini Musongati, kusini mashariki mwa Burundi.

Leo, kabla ya kuwasha tanuri ili kutengeneza perovskaiti mpya, watafiti huanza kwa hesabu ya mtu aliyekaribia kupandishwa melini Oslo: hulinganisha vipimo vya chembe, na kuangalia kama jibu linakaribia 1.