Orson Welles na Mkasi wa Wenye Studio

Wapenzi wa senema humjua marehemu Orson Welles kwa filamu yake "Citizen Kane" ya mwaka 1941. Mkataba uliomwezesha kuitengeneza ni wachache waujuao.

Welles alizaliwa Kenosha, Marekani, tarehe 6 Mei, 1915. Alivuma kwanza jukwaani mjini New York, kisha redioni, ambako mchezo wake wa 1938 kuhusu viumbe wa Mars kuivamia dunia uliwatia baadhi ya wasikilizaji kiwewe. Mwaka uliofuata kampuni ya RKO ya Hollywood ikampa kijana huyo, ambaye hakuwa ametengeneza hata filamu moja ndefu, haki ambayo wakongwe wengi hawakuipata: kuandika, kuelekeza, kuigiza, na kuwa na neno la mwisho juu ya kukata na kuunganisha picha.

Aliitumia haki hiyo barabara. Yeye na mpiga picha Gregg Toland waliweza kuonyesha aliye karibu na aliye mbali, wote wazi katika picha moja. Hadithi yenyewe, aliyoiandika na Herman Mankiewicz, ilifanana mno na maisha ya tajiri wa magazeti, William Randolph Hearst, na magazeti ya tajiri huyo yakakataa kuitangaza. Sifa zilikuja, faida haikuja.

Filamu ya pili, "The Magnificent Ambersons", aliifanya chini ya mkataba mpya. Safari hii neno la mwisho lilikuwa la kampuni. Mapema 1942, kabla uhariri haujakwisha, alikwenda Brazil kupiga filamu nyingine. Huku nyuma ikaonyeshwa kwa majaribio mjini Pomona, California, na wengi wakaicheka. RKO ikakata zaidi ya dakika 40 na kubandika mwisho wa furaha. Simu alizotuma kutoka ng'ambo hazikufua dafu. Vipande vile viliharibiwa, na kwa maoni yangu senema haijapata hasara kubwa kuliko hiyo.

Tangu hapo aliigiza katika filamu za wengine ili agharimie zake. "Othello" aliipiga kwa vipindi, Morocco na Italia, kila fedha zilipopatikana. Mavazi yalipokosekana, aliwapiga picha waigizaji ndani ya hamamu, wamejifunga taulo! Mwaka 1952 ilipata tuzo kuu ya Cannes pamoja na filamu nyingine.

Universal nayo iliihariri "Touch of Evil" bila ridhaa yake. Welles aliwaandikia kurasa 58 za masahihisho. Mengi hayakufuatwa, na filamu ikatolewa 1958. Alifariki tarehe 10 Oktoba, 1985. Mwaka 1998 filamu hiyo ikahaririwa upya, kurasa zile zikiwa mezani.