Barbara McClintock: Mtafiti wa mahindi aliyegundua vinasaba vinavyohama

Kwa mkulima wa Mantapala, wilayani Nchelenge karibu na Ziwa Mweru nchini Zambia, hindi lenye punje za madoadoa huenda lisiwe jambo la kusimamisha kazi. Kwa Barbara McClintock, madoadoa hayo yalikuwa fumbo la maisha.

Alizaliwa Hartford, Marekani, tarehe 16 Juni 1902. Mama yake alipinga asiende chuo kikuu, akihofia kwamba binti msomi hataolewa. Baba yake, aliyekuwa daktari, ndiye aliyekata shauri aende. Mwaka 1927 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell. Ajira ya kudumu ilimkwepa kwa miaka mingi, hadi alipofika kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, New York, mwaka 1941. Hakuhama tena.

Hapo alipanda mahindi yake, akayachavusha kwa mkono na kuchunguza kromosomu zake kwa darubini. Katika miaka ya 1940 alibaini jambo ambalo sayansi ya wakati huo haikuwa na nafasi nalo: vipande fulani vya vinasaba hung'oka mahali pake na kujipachika kwingine. Kipande kikitua ndani ya jeni ya rangi, punje hupauka. Kikiondoka katika baadhi ya seli punje inapokua, rangi hurejea katika seli hizo na uzao wake, na doa huonekana.

Mwaka 1951 aliwasilisha matokeo hayo mbele ya wanasayansi wenzake. Wengi hawakuelewa, na baadhi walishuku. Miaka miwili baadaye aliacha kuchapisha maelezo marefu ya kazi hiyo, ingawa utafiti wenyewe hakuuacha. Ilibidi vipande kama hivyo vionekane katika bakteria, mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo wenzake walipoanza kumrudia. Tuzo ya Nobel ya Tiba ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81, bila kugawana na mtu.

Hata hivyo, sifa hizo zililenga zaidi kuhama kwa vipande. Yeye alithamini zaidi dai jingine: kwamba vipande hivyo huziamuru jeni wakati wa kuwaka na kuzima. Dai hilo, kwa upana aliolipa, lilibaki na wafuasi wachache. Alifariki dunia tarehe 2 Septemba 1992.

Ushahidi mmojawapo ulitoka mbali na mahindi, katika kinga ya mwili wa binadamu. Karibu nusu ya vinasaba vyetu imetokana na vipande vya aina hii, vikiwemo mabaki ya virusi vilivyowaambukiza mababu wa kale. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kwamba baadhi ya mabaki hayo hufanya kazi kama swichi: mwili unapotoa interferoni, ishara ya kuingiliwa na adui, swichi hizo huamsha jeni za ulinzi. Walipokata kipande kimoja kilicho jirani na jeni iitwayo AIM2 katika seli za maabara, jeni hiyo haikuitikia tena ishara kama kawaida.

Kirusi cha kale, kwa maneno mengine, kilikuwa kimegeuzwa mlinzi wa zamu.