Lavoisier na Maana ya Neno Elementi

Mtu atokaye Tunguu kwenda Mjini huziona kuta nene za nyumba za Mji Mkongwe. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma mawe ya namna hiyo hiyo katika tanuri. Jiwe huingia motoni likiwa zito na gumu. Hutoka jepesi na jeupe, na likitiwa maji huchemka na kumomonyoka. Kama jiwe ni safi kabisa, kilo 100 hutoa kilo 56 tu za chokaa. Je, kilo 44 zimekwenda wapi? Na chokaa hiyo imefanyika kwa vitu gani?

Mmoja wa watu waliouzoeza ulimwengu kuyajibu maswali kama haya kwa mizani ni Mfaransa Antoine Lavoisier. Alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti, 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye pia akasomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Zama hizo wengi walikuwa bado wakifuata fikira ya Wayunani wa kale, kwamba vitu vyote vimetokana na asili nne: udongo, maji, hewa na moto. Walidai hata kuwa maji huweza kugeuka udongo, kwani yakichemshwa muda mrefu katika chombo cha kioo, vumbi huonekana chini yake.

Lavoisier hakubishana nao kwa maneno. Mwaka 1768 alipima chombo cha kioo, akatia maji safi, akakiziba, kisha akakipasha moto kwa siku 101. Hebu fikiri subira ya mtu huyo: kuuangalia moto kwa zaidi ya miezi mitatu kwa ajili ya vumbi kidogo! Alipopima tena, aliona kuwa uzito wa maji haukubadilika. Chombo ndicho kilichopungua, na upungufu wake ulikaribiana na uzito wa vumbi. Basi vumbi lilitoka katika kioo, si katika maji.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze. Bibi huyu alijifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe maandishi ya wataalamu wa Uingereza, na kwa mkono wake alichora picha za vyombo vyao vya majaribio. Yafaa jina lake litajwe pamoja na la mumewe.

Kuanzia mwaka 1783 Lavoisier alionyesha kuwa maji hufanyika kwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Basi maji hayakuwa asili ya kitu chochote. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alilipa neno elementi maana iliyo wazi: ni kitu ambacho, kwa njia zote tulizo nazo, hakiwezi kugawanywa kuwa vitu vingine vilivyo sahili zaidi. Kwa hiyo tusiseme kuwa maji ni elementi. Maji ni kampaundi. Hewa nayo ni mchanganyiko. Chuma, dhahabu na zebaki ni elementi.

Katika kitabu hicho aliorodhesha elementi 33. Humo alitia mwanga na joto, ambavyo leo hatuviiti elementi. Alitia chokaa pia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameweza kuigawanya. Hata hivyo, yeye mwenyewe alishuku kuwa ndani yake imo oksijeni.

Hakuishi kuupata uthibitisho. Tangu ujana wake alikuwa mshirika katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi na kujipatia faida kubwa. Wananchi waliichukia kampuni hiyo, na walikuwa na sababu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotokea, washirika wake walikamatwa. Tarehe 8 Mei, 1794, Lavoisier alihukumiwa na kuuawa siku hiyo hiyo pamoja na wenzake 27, akiwemo baba mkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 50. Marie-Anne aliishi hadi mwaka 1836.

Mwaka 1808, mjini London, Humphry Davy aliigawanya chokaa kwa nguvu ya umeme, akapata metali mpya iitwayo kalsiamu. Chokaa ikaondolewa katika orodha ya elementi. Leo twajua kuwa chokaa itokayo tanurini ni kampaundi ya kalsiamu na oksijeni, na kuwa jiwe la matumbawe lina kaboni pia. Jiwe linapochomwa, kaboni hiyo hutoka pamoja na sehemu ya oksijeni, ikiwa gesi ya kabonidioksidi. Hizo ndizo kilo 44.