Mwezi Gisabo na Maana Mbili za Ngoma

Wengi wanaoishi kambini Lusenda walitoka Burundi kuanzia mwaka 2015. Katika Kirundi, neno ingoma ni ngoma, tena ni ufalme. Maisha ya Mwami Mwezi Gisabo yanaeleza sababu.

Mwana huyu wa Ntare Rugamba alirithi ufalme katikati ya karne ya 19 akiwa bado mdogo, hivyo kaka yake Ndivyariye akamshikia utawala. Baadaye alimzuia Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa kutoka Ujiji, asiiteke nchi. Kila mwaka, katika umuganuro, mwami alibariki mbegu za mtama mbele ya Karyenda, ngoma takatifu, ndipo watu wakapanda.

Wajerumani walimshinda. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alikubali mamlaka yao na kutozwa ng'ombe 424. Alikufa mwaka 1908 akiwa bado mwami.

Wakati wa Wabelgiji umuganuro ulikoma, lakini ngoma hazikunyamaza. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wake katika urithi wa binadamu. Mwaka uliofuata watu walianza kukimbia. Waliacha nyumba na mashamba, lugha wakaja nayo. Watoto waliozaliwa Lusenda wafundishwe neno ingoma kwa maana zake zote mbili.